Wimbo wa Upande wa Pili wa Ukuta

Sisi na bendi ya Binamu wa Mbali hatukuwa marafiki. Tulikuwa majirani, na aliyewahi kupakana na jirani mwenye drams anajua kwamba hayo ni mambo mawili. Bendi yetu, Winchi Mbovu, hufanyia mazoezi chumba cha mwisho cha handaki la zamani lililochimbwa mlimani wakati wa vita, watu wajifiche mabomu. Siku hizi manispaa hulikodisha kwa wapiga muziki. Binamu walipewa chumba cha pili yake, na kati yetu pakawekwa ukuta wa mbao ambao ungeweza kuutoboa kwa kijiko.

Kila Jumanne tuliwasikia wakipiga wimbo uleule. Maneno hayakupenya, ukuta uliyameza, lakini ngoma, besi na gitaa vilipita vyote. Na kila walipofika mahali fulani katikati, mpiga besi wao aliingia kabla ya wakati, wimbo ukaporomoka. Hapo nilishika ufagio nikagonga ukuta kwa mpini: ko, ko, ko, ko. "Hesabuni basi!" Wakanyamaza kidogo, halafu wakaendelea. Baada ya miezi kadhaa wakawa wananyamaza pale hata kabla sijagonga. Nami niligonga vilevile, kuwakumbusha. Nikajiona nimewafunza adabu.

Naitwa Ranko. Mchana natengeneza lifti, jioni napiga besi, na hasira ninazo saa zote.

Jumamosi ile ya Februari mvua ya mji wetu wa Rijeka ilikuwa inanyesha kwa ubavu, lakini Ghala ilijaa hadi ngazini. Ghala ni klabu ya Vesna, chini ya kiwanda cha karatasi kilichokufa zamani. Bendi tano, zote za hapahapa mjini. Makoti ya sufu yaliyolowa yananuka, bia inamwagika, na kila mtu amesoma na dada wa mwenzake. Napapenda pale kuliko nyumbani kwangu, ingawa sijawahi kumwambia Vesna, asije akapandisha bei ya bia.

Kabla ya kuanza, Vesna hutia vizibo vya chupa katika kofia yake, kila kizibo na namba yake, na kila bendi huchomoa kimoja. Kubadilishana ni mwiko. Zamani watu walibadilishana, wakanunuliana bia ili wapande mapema, mwishowe mpiga gitaa mmoja akang'olewa jino kwa nguzo ya maiki. Tangu siku hiyo kura ni kura. Kila bendi ina dakika ishirini na tano, zikiisha Vesna anakata umeme hata kama neno limo mdomoni. Huruma yake ni moja tu: kila bendi inaruhusiwa kumwita mgeni mmoja, kwa wimbo mmoja.

Sisi tulipata namba mbili, namba tamu, watu wamechangamka na hawajalewa. Binamu wa Mbali wakapata tano. Namba tano ni ya kupigia viti vitupu.

"Hongereni," nikamwambia Dunja, mwimbaji wao. "Mkimaliza, mtusaidie kufagia."

Dunja ana ulimi wa wembe. Nilingoja anikate. Akakitazama kile kizibo tu, mpaka nikaona aibu.

"Una nini wewe?" nikamuuliza.

"Mama yangu yumo humu."

"Sasa si vizuri?"

"Basi lake la mwisho ni saa nne kasorobo, Ranko. Sisi tutapanda saa hiyo amefika nusu ya mlima."

"Mlaze kwako."

"Ana mbuzi wa kukama alfajiri. Na hata asingekuwa nao, halali nyumba yenye gitaa."

"Basi Dino atampeleka kwa gari, hajanywa bado."

Dino ndiye gitaa letu na sauti yetu. Dunja akatikisa kichwa. "Baba alikuwa anapiga kodiani kwenye maharusi. Alikufa akirudi harusini, ndani ya gari la mpiga gitaa. Mama hapandi gari la mwanamuziki, hata ukimfunga kamba. Nimembembeleza miaka aje anisikie mara moja. Leo kaja. Kasema, 'Nitakusikia, nisije nikakulaumu bure. Halafu usiniite tena.'"

Akaenda kwa Vesna. Niliwaona wakizungumza kwenye kaunta, Vesna amemshika bega, lakini kichwa kinakataa. "Mwanangu, nikivunja leo kwa ajili ya mama yako, mwezi ujao kila mtu ataniletea mama," akasema. Alikuwa na haki, na mwenye haki huwa anaudhi.

Tukashuka kwenye kichumba nyuma ya jukwaa, bendi ya kwanza imeshaanza kunguruma juu yetu. Nikša, mpiga drams wetu, mtu wa maneno machache, akawa anagonga goti lake kwa vijiti. Niliutambua ule mdundo.

"Acha hiyo," nikamwambia. "Hiyo ni takataka ya Binamu."

"Naijua yote," akasema Nikša. "Na Dino anaijua. Na wewe unaijua, juzi nimekusikia ukiipiga mluzi ndani ya lifti."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tumwite Dunja awe mgeni wetu. Aimbe wimbo wao, sisi tupige."

Dino akaruka. "Mtoto wa watu, una akili wewe!"

"Dakika ishirini na tano," nikasema. "Nyimbo tano. Wa sita tutauweka wapi, mfukoni?"

Wote wawili wakatazama sakafu, nikajua ni upi wanaoufikiria. Miaka kumi na minne nimesimama nyuma ya Dino na besi yangu. Baada ya mke wangu kuondoka niliandika wimbo, wa kwanza maishani, na usiku ule ndipo ningeuimba kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilikuwa nimenyoa. Nilikuwa nimenunua shati.

"Wangu hautoki," nikasema. "Mama ni wake, si wangu."

"Sawa, Ranko," akasema Dino, kwa upole, na ule upole wake ukanichoma kuliko tusi. Nikatoka.

Pale chini ya ngazi, juu ya kreti la bia, alikuwa ameketi mama mmoja mwenye koti zito lililofungwa vifungo vyote mpaka kidevuni. Mkoba magotini, mikono juu ya mkoba. Vijana walimpita huku na huku wakisema "samahani, mama," naye akivuta miguu. Kwa pua ile sikuhitaji kuambiwa ni mama wa nani.

"Mwanangu," akaniita. "Hawa Binamu wanapanda lini?"

"Mwisho, mama."

"Mwisho ni saa ngapi?"

Nikamwambia. Akaitazama saa yake ya mkononi, akaisogeza karibu na jicho, akahesabu kimoyomoyo. Hakukasirika. Naona alishazoea kwamba muziki humpa miadi na usitokee. Akafungua mkoba, akatoa kifurushi cha karatasi ya nta.

"Ni strudeli, andazi la jibini. Mpe Dunja akishamaliza. Anapoimba hali chochote, nimeambiwa. Mwambie nilikuja."

Mimi ni mgumu, na sioni haya kuwa mgumu, lakini kile kifurushi kilikuwa bado kina joto. Alikuwa amekikumbatia chini ya koti tangu mlimani.

"Usiondoke, mama," nikasema. "Kaa hapohapo. Bendi ya pili, isikilize vizuri."

Nikarudi chumbani nikabamiza mlango. "Wangu utoke," nikawaambia. "Na mtu akinipongeza namvunjia gitaa."

Dino akaenda kumwambia Dunja. Alirudi naye, macho mekundu, ulimi umerudi mahali pake.

"Mnaujua kweli, nyie wazee?"

"Umetunyima usingizi miezi saba," nikasema. "Tungekosaje kuujua?"

"Na wako tunaujua. Ubeti wa pili unaburuta."

"Toka hapa!"

Tukapanda. Tukapiga nyimbo zetu nne, watu wakaruka mpaka vumbi la kiwanda likadondoka darini. Kisha Dino akasogea kwenye maiki, akasema tuna mgeni, ni jirani yetu, na heri jirani wa karibu kuliko binamu wa mbali. Watu wakacheka. Dunja akapanda.

Nikša akahesabu, vidole vyangu vikaenda vyenyewe. Sikuwahi kuupiga wimbo ule hata mara moja, na bado nilizijua kona zake zote. Nilichokuwa sikijui ni maneno. Ndiyo kwanza nayasikia, nimesimama hatua mbili nyuma yake:

*Chini ya kitanda kuna sanduku,*
*pumzi za baba zimelala humo.*
*Mama hulipita kama halioni,*
*ila Jumamosi hulipangusa vumbi.*

Nikaikumbuka ile kodiani, nikatazama ngazini. Mama alikuwa amesimama. Kijana mmoja alikuwa amempisha ukuta aegemee, lakini hakuegemea.

Tukafika pale katikati. Nikša akanyamaza, Dino akanyamaza, nami nikanyamaza, kama tulivyokuwa tukiwasikia wao. Nikahesabu nne kimoyomoyo, nikaweka kidole tayari. Dunja hakuendelea. Ukumbi mzima kimya, watu mia mbili na ushee, unasikia mvua. Nikadhani amemwona mama yake na amesahau maneno. Akageuka. Alinitazama mimi, si mwingine, akakunja ngumi mbili kama mtu aliyeshika mpini, akasukuma hewa.

Ufagio!

Hapo ndipo nilipoelewa. Miezi yote ile hawakuwa wananyamaza kwa adabu. Walikuwa wananingoja. Walikuwa wameniweka ndani ya wimbo wao, na mimi upande wa pili nikijiona mwalimu. Nikainua kiatu, kiatu changu kizito cha kazini, nikakita mbao za jukwaa: ko, ko, ko, ko. Dunja akacheka kwa machozi, akageuka kwa watu, akaimba.

Vesna hakukata umeme. Zilikuwa zimebaki sekunde chache, tuseme hivyo.

Nilipokuwa nashusha spika ya besi ngazini, mtu alinivuta mkono wa shati. Mama alikuwa amefungua vifungo viwili vya juu vya koti lake. Dunja alikuwa bado amebanwa na watu kule mbele ya jukwaa, wanamkumbatia, na basi halimsubiri mtu.

"Wewe wa viatu," akasema. "Mwambie Dunja amekosea."

Nikaanza kumtetea, nikasema sauti yake ni nzuri, mama, na wimbo wenyewe ni mzuri, usimhukumu.

"Sauti ni ya baba yake, nani kaisema sauti?" Akafunga kile kifungo cha kwanza, halafu cha pili. "Amekosea pale kwenye sanduku. Si Jumamosi. Ni kila siku."

Kisha akanionya nisiile ile strudeli, akatoka mvuani.

Kwa kawaida tukishapiga mimi huenda nyumbani. Siku hiyo nilibaki. Nilimpa Dunja kifurushi na maneno ya mama yake nyuma ya jukwaa, naye akaketi sakafuni na kile kifurushi mapajani, asikifungue. Niliketi kando yake mpaka bendi ya nne ikamaliza.

Binamu walipopanda, nusu ya ukumbi ilikuwa imeshaondoka. Waliuacha wimbo ule uwe wa mwisho. Dunja aliuimba taratibu kuliko mazoezini, na alipofika kwenye sanduku akasema kila siku, kila siku hulipangusa vumbi, na sauti ikamkatika kidogo hapo, akaiokota. Hakuna aliyejua neno lile jipya limetoka wapi isipokuwa yeye na mimi. Halafu wakafika katikati, wakanyamaza wote, nami nilikuwa nimeshasimama karibu na ukuta, ngumi tayari.