Kumi na Mmoja Kwenye Kamba

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Basi mama huyu kamba yake aliishika mkononi, ndefu, ya katani, yenye mafundo kumi na moja, na kila fundo limeshikwa na mtoto wa watu. Mtaani walimwita Bi Mgeni, kwa sababu hata akisema "hodi" tu, lafudhi yake ilimchongea.

Alikuwa mtunza ghala mstaafu. Miaka thelathini alihesabu magunia, na halikupotea hata moja. Alipostaafu akaona kukaa kutazama ukuta kutamuua kabla ya siku zake, akajitolea miezi mitatu katika kituo cha watoto wadogo, nchi ya jirani. Mwanawe alikuja juu. "Mama, wajukuu unao hapa hapa, unaenda kulea watoto wa watu?"

"Wajukuu zangu wana mama zao," akamjibu, akafunga begi.

Kila alasiri yeye na mwalimu mmoja waliwarudisha watoto makwao kwa miguu, mlango kwa mlango, Bi Mgeni mbele, mwalimu nyuma. Siku hiyo mwalimu aliamka na homa. Mkuu wa kituo akasitasita, akataka kuwaita wazazi waje wenyewe.

"Kumi na mmoja tu?" Bi Mgeni akacheka. "Mimi nimehesabu maelfu, mwanangu."

"Magunia hayana miguu, mama," mkuu akasema. "Wakazie macho. Mtoto mmoja akipotea, hiki kituo hakifunguliwi tena."

Wiki ya pili hiyo, na majina ya watoto yalikuwa bado hayajamkaa kichwani. Niseme kweli, hakuwa amehangaika nayo. Alikuwa na hesabu yake, na hesabu haikuwahi kumwangusha.

Wakaenda. Wakampita fundi baiskeli, wakafika mbele ya saluni, na hapo njia ikazibwa na mkokoteni wa saruji. Bi Mgeni akaanza kuzozana na mwenye mkokoteni.

"Baba, tupishe, hawa si matofali!"

"Na mimi sina mabawa, mama! Subiri nigeuze!"

Wakabishana mpaka mkokoteni ukasogea. Kamba ikaendelea. Barabarani, malori yakipita kama yamekatika breki, Bi Mgeni akasimama, akageuka, akahesabu vichwa kwa kidole. Kumi na mmoja. Imetimia. Akavusha.

Ndipo aliposikia ukelele nyuma yake. "Mwanangu! Jamani, mwanangu!"

Msusi wa ile saluni alikuwa anakatiza barabara mbio, kandambili mguu mmoja, kitana mkononi. Dereva mmoja akafunga breki na kumtukana, wala hakumsikia. "Yule pale! Yule mwenye kamba! Kaniibia mtoto!"

Lo! Mtaa uliokuwa umesinzia uliamka wote. Fundi baiskeli alivuka na spana yake. Wakaja wauza mboga, wakaja waliokuwa wanaoga na mapovu masikioni.

"Kumbe ndiyo kazi yao hawa!"

"Mwacheni aseme. Enhe, mama, wa wapi wewe?"

Bi Mgeni akasema anatoka kituoni, na sauti yake ikazidi kumharibia. "Mnasikia? Si wa huku huyo!" Mtu akamvuta bega. Bi Mgeni aliogopa, aliogopa haswa, kwa maana alijua mtu huuawa kwa neno moja. Lakini alijua pia kwamba akiiachia kamba, watoto watatawanyika, na malori yako hatua tatu tu kutoka hapo. Akaizungusha kwenye kiganja mara mbili.

"Nipigeni," akasema. "Ila kamba siachii. Barabara hiyo hapo, na hawa watoto ni wenu."

Spana ikabaki juu. Msusi akapenya, akalifikia fundo la saba, akamnyakua mvulana wa miaka mitatu aliyekuwa anatabasamu meno yote nje.

"Mama, na mimi natembea!" mtoto akasema.

Fundi baiskeli akaangua kicheko. "Ah, dada, hajaibwa huyu! Mwanao kiherehere tu, kajiunga mwenyewe!"

Watu wakacheka. Wengine wakaanza kuondoka, wakinung'unika kama walionyimwa kitu. Bi Mgeni akavuta pumzi. Na katikati ya pumzi ile kichwa chake cha ghalani kikaamka. Kumi na mmoja, toa mmoja.

Akahesabu. Kumi. Akahesabu tena kwa sauti. Kumi. Fundo la saba lilikuwa linaning'inia bila mtu. Pale barabarani hesabu ilikuwa imetimia kwa kichwa cha mtoto wa msusi, na mmoja wake hakuwepo tangu hapo.

"Mtoto wangu!" akapiga ukelele. "Jamani, nimepoteza mtoto!"

Wapo waliodhani ni maigizo. Msusi hakudhani hivyo. Uchungu wa mwana alikuwa ametoka kuuonja dakika hiyo hiyo.

"Wa kike au wa kiume?"

"Wa kike. Gauni la njano."

"Anaitwa nani?"

Bi Mgeni akafungua kinywa. Alijua mtoto yule hushika kamba kwa mkono wa kushoto. Alijua yuko nafasi ya saba. Basi.

"Jina, mama! Tumwiteje?"

"Sijui," akasema, na machozi yakamtoka.

"Umemtembeza wiki nzima, na jina hulijui?"

Watoto kumi wakalitaja wao, kwa sauti moja. Msusi akaliita mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Fundi akalipokea, mtaa mzima ukalipokea. Mmoja akashuka mtaroni. Mwingine akalala kifudifudi kuchungulia chini ya lori lililoegeshwa. Bi Mgeni alibaki palepale na kamba yake kama mwizi aliyefungwa, hawezi kukimbia kumtafuta, kwa sababu mikono kumi ilikuwa inamtegemea. Kila lori lilipofunga breki, alifumba macho.

Kisha ng'ambo akatokea mwanamke, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imetimka, amemshika mkono binti mdogo wa gauni la njano.

"Mnamwitia nini huyu?" akauliza. "Nilikuwa naye saluni muda wote, nikajua ni mpwa wa msusi!"

Wakavushwa. Bi Mgeni akapiga magoti kwenye vumbi, akamkumbatia kwa mkono usio na kamba, akamkagua kichwa mpaka miguu.

"Mjukuu wangu, mbona uliachia kamba?"

"Nilitaka kuona kioo kikubwa."

"Na sisi tulipoondoka, hukutuona?"

"Niliwaona."

"Sasa mbona hukutufuata?"

Mtoto akamtazama kama anayeulizwa jambo la wazi. "Nilingoja uniite."

Fundi baiskeli akainamisha uso. Mbele ya watu wale wote Bi Mgeni akajifuta machozi, akamuuliza mtoto jina lake, ingawa mtaa mzima ulikuwa umeshalitaja.