Pini ya Meza ya Saba

"Nifungeni macho. Nifungeni na mikono mkitaka, nitautaja mfupa kwa kuulamba!"

Ilaitia alilisema hilo mbele ya darasa zima la mwaka wa pili, na Dokta Urmila, mwalimu wa anatomia ambaye katika mji mzima wa Suva hapakuwa na mtu aliyewahi kuyaona meno yake, akalichukulia neno lake kama lilivyo. Alimfunga macho kwa kitambaa cha kupangusia ubao.

"Kuulamba haihitajiki," akasema. "Akanisi, mpe mfupa kutoka sandukuni."

Akanisi akampa. Ilaitia akaupapasa, akaupima uzito, akaunusa kidogo kwa mbwembwe.

"Mfupa wa kiganja," akatangaza. "Mkono wa kulia. Mwanamke, kijana bado. Mikono ya kazi hii, si ya mtu mvivu kama Kitione. Na nahisi marehemu alikuwa na huzuni."

"Alikuwa nayo," Akanisi akasema. "Tulimla Jumapili kwa magimbi."

Darasa likaangua kicheko mpaka madumu ya dawa ya kuhifadhia maiti yakatikisika rafuni. Ilaitia alipovua kitambaa alikuta ameshika mfupa wa mguu wa nguruwe, bado una weusi wa mawe ya shimo la kuokea. Dokta Urmila hakucheka. Alichukua kalamu akaandika kitu daftarini, na hilo lilimuuma Ilaitia kuliko vicheko vyote.

Naye alicheka, tena kwa sauti. Angefanyaje? Kijiji chake na kijiji cha Akanisi ni watani tangu mababu, na utani wa kwao una sheria moja ngumu: mtani akikutukana, cheka, akikuchukulia kitu, mwachie, ukinuna, aibu ni yako na ya ukoo wako. Tangu mwaka wa kwanza Ilaitia alikuwa akiila sheria hiyo kama chakula cha bure. Alikula mihogo ya Akanisi, akavaa ndala za Akanisi, na wiki zile za mwisho alikuwa anabeba sanduku la mifupa ya kusomea la Akanisi kila Ijumaa na kulirudisha Jumatatu, mwenye sanduku akibaki kusoma kwa picha.

"Nipishe mtani, wewe utaolewa tu," alikuwa akimwambia. "Mifupa ya kazi gani?"

"Ya kumpima mume kama ana uti wa mgongo," Akanisi alikuwa akimjibu, na kumwachia sanduku.

Sasa ulikuja mtihani wa kengele. Kila aliyepita chuo kile anaujua. Meza kumi na sita, wanafunzi kumi na sita, kila mmoja akianzia meza yake na kuzunguka zote. Kila meza ina kiungo cha maiti, na kila kiungo kimechomwa pini yenye kibendera chekundu. Unatazama, unaandika jina la kilichochomwa, kengele inalia, unasogea meza inayofuata. Meza ya nane haina kitu isipokuwa kiti. Hapo unapumzika mpaka kengele ilie tena. Pini haiguswi. Ukigusa pini, afadhali ungemgusa Dokta Urmila mwenyewe.

Baada ya mtihani huo, wawili wa mwisho walikuwa wanarudishwa makwao. Wa kwanza alijulikana: Kitione, ambaye hakuwa amefungua kitabu tangu Pasaka, na alikuwa ameshaanza kugawa mashati yake. Nafasi ya pili ilikuwa ya Ilaitia au ya Akanisi. Alama zao zilikuwa sawa kabisa. Jibu moja tu lingeamua nani apande boti kurudi kisiwani kwao.

Na Ilaitia hakuweza kupanda boti. Baba yake, mchungaji, alikuwa ameshamtangaza kanisani kuwa daktari. Bibi yake alikuwa na jipu mgongoni lenye ukubwa wa ngumi ya mtoto, na alikataa katakata kwenda zahanati. "Namngoja mjukuu wangu alipasue," alikuwa akisema, na huku analala kifudifudi. Ilaitia alikuwa amemsimulia Akanisi habari ya jipu hilo siku walipokaa kwenye ngazi za bweni, Alhamisi kabla ya mtihani. Siku hiyohiyo Akanisi alimfundisha jambo ambalo darasani lilikuwa limempita.

"Kifundo cha mkono, upande wa kidole kidogo," alisema, akiushika mkono wake mwenyewe na kumwonyesha. "Neva ya hisia na ateri ya damu zinalala pamoja kama mtu na mkewe. Wengi wanazichanganya. Neva imejaa, ukiibonyeza inabaki ngumu kama uzi wa mkeka. Ateri ina uwazi ndani, inabonyea. Basi."

"Mtani, kumbe una akili! Ulikuwa umezificha wapi?"

"Kwenye sanduku unalolichukua."

Siku ya mtihani Ilaitia alianzia meza ya kwanza. Mbele yake alikuwa Kitione, nyuma yake Akanisi. Meza sita za mwanzo zilimtoa jasho. Alipofika ya saba alikuta mkono uliokatwa kuanzia kiwiko, umefunuliwa ngozi, na pini imesimama pale pale walipopaongelea kwenye ngazi. Akainama. Akaangalia. Imejaa, kama uzi wa mkeka. Akaandika: neva.

Halafu akafikiri. Akanisi anakuja hapa. Akanisi ataandika neva, tena bila kuinama.

Dokta Urmila alikuwa amegeuka kutazama saa ya ukutani, mkono juu ya kengele. Ilaitia akanyoosha vidole viwili vya glavu, akaing'oa pini, akaichomeka tena kwenye ateri. Umbali wenyewe ulikuwa punje moja ya mchele. Kengele ikalia. Alipohamia kwenye kiti cha kupumzikia, kilikuwa bado na joto la Kitione.

Dokta Urmila ana desturi ambayo watu wengine wangeiita ukatili na yeye anaiita kuokoa muda: husahihisha palepale, kwa sauti, maiti zikisikiliza. Walipanga mstari ukutani wakiwa na makoti meupe. Akasoma meza moja baada ya nyingine, kwa mpangilio waliopita watu. Karatasi ya Kitione aliiweka pembeni tangu mwanzo, kama mtu anavyoweka ganda la ndizi.

Alipofika meza ya saba akapunguza kasi.

"Neva. Neva. Neva, neva, neva." Akageuza karatasi. "Ilaitia, neva. Akanisi, ateri." Akaendelea mpaka wa mwisho. "Ateri. Wote tisa, ateri."

Akaenda mezani, akainama. Alipoinuka, uso wake ulikuwa uleule.

"Hii siyo niliyoichoma mimi. Nani?"

Hapo ndipo ulimi wa Ilaitia, ambao haujawahi kumngoja mwenyewe, ukatangulia.

"Dokta, mimi niliikuta kwenye neva, na karatasi inasema. Aliyenifuata ndiye aliyeona ateri, labda aliigusa akibonyeza. Mtani wangu ana mikono myepesi, hata nguruwe alimwingiza sandukuni." Akamgeukia Akanisi na kutabasamu. "Au sivyo, mtani?"

Wote wakamtazama Akanisi. Angenuna, angevunja sheria ya kwao. Akacheka. Alicheka kicheko kirefu, kibaya, midomo ikicheka na macho yakitiririka, na kila alivyozidi kucheka ndivyo alivyozidi kuonekana mwenye hatia.

"Inakuchekesha," akasema Dokta Urmila. "Vua koti."

Akanisi akaanza kufungua vifungo, kimoja kimoja. Ilaitia aliangalia sakafu, akakuta moyo wake umetulia vizuri tu. Alikuwa ameshaanza kufikiria wembe gani unafaa kwa jipu.

"Dokta," Kitione akasema kutoka mwisho wa mstari, "yangu hujaisoma."

"Ya kwako ina nini cha kusomwa?"

"Soma tu, kwa ajili ya kuniaga."

Akaichukua kwa ncha za vidole. "Meza ya kwanza, 'nyama'. Ya pili, 'nyama nyingine'. Ya tatu umechora samaki." Watu wakaanza kukohoa vicheko. "Ya nne mpaka ya saba, wazi. Ya nane..." Akainua macho. "Ya nane ni kiti, Kitione. Haina swali, na wewe umeijibu."

"Nilikuwa nimekaa, Dokta. Meza ya saba iko mbele ya kiti. Nikaandika nilichokiona."

Dokta Urmila akasoma polepole, bila kupandisha sauti: "'Ilaitia anang'oa pini. Ameichomeka pembeni. Sijui jina la pembeni.'"

Akachukua kalamu nyekundu, akaweka alama ya vyema.

"Hongera. Jibu lako la kwanza sahihi mwaka huu."

Mstari mzima ulikuwa umemgeukia Ilaitia. Alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza ulimi ukamngoja. Akamtafuta Akanisi kwa macho.

"Mtani," akasema. "Ni utani tu. Si unajua? Huwezi kukasirika."

Akanisi alikuwa ameshaanza kuvifunga tena vifungo vyake, kuanzia chini.

"Sijakasirika, mtani," akasema. "Vua koti. Na ukifika, nisalimie lile jipu."