Fundi Aliyeogopa Kutapika

Maneno yalianzia kwa muuza mayai: eti mtaa wa nyuma kuna ugonjwa wa kutapika, nyumba nzima imelala chali. Hakuna aliyeuona, lakini fundi cherehani uvumi ulimganda kama kupe. Kufika jioni ameshamwaga maziwa, amenusa wali mpaka umepoa, na bintiye wa miaka minane ameulizwa mara ishirini, "Tumbo vipi?"

"Lilikuwa zima, mama, kabla hujaliuliza."

Ugonjwa haukufika. Ilifika keki ya shuleni. Mtoto alikula vipande vitano, akatapika sebuleni. Mama akatoka mbio, akajifungia chumbani, akaziba masikio. Mtoto alitapika peke yake, akajifuta kwa pazia. Tangu hapo akiumwa humkimbilia shangazi yake, mama haambiwi.

Hilo ndilo lililompeleka fundi kwa mshauri hospitalini. Alitarajia vidonge, akapewa kiti.

"Ukitapika, mama, itakuwaje?"

"Nitakufa."

"Umewahi kutapika?"

"Mara moja, darasa la pili."

"Ukafa?"

Dada huyu hana adabu, fundi alijisemea. Wiki iliyofuata akarudi.

"Woga ni paka wa jirani," mshauri alimwambia. "Kila ukinusa, ukiuliza, ukikimbia, umemtupia samaki, na kesho atarudi."

Wakaanza na kulitamka neno lenyewe, kisha picha, kisha kukaa na ndoo ya uji uliotiwa vipande vya karoti ufanane na matapishi, hadi moyo uchoke kudunda. Wiki tatu, nafuu hakuna. Ya nne mshauri akanusa hewa.

"Mbona unanukia limau?"

Fundi alikuwa ameshona mfuko wa siri ndani ya mkono wa gauni, akaficha ganda la limau la kunusa ili kichefuchefu kisimjie.

"Toa. Ndoo inaanza upya."

Mwezi wa tatu wa kwenda kwa mshauri, alimwona bintiye anauelekea mlango, mkono mdomoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa shangazi."

"Njoo hapa."

Akashika beseni. Nusu iliingia, nusu ilitua kwenye gauni la bibi harusi wa watu alilokuwa akilishona. Beseni hakuliachia.

"Mama, unatetemeka."

"Natetemeka, ndiyo. Endelea."

Basi mwenye woga kama huu aepuke haya:

Kunusa chakula mara kumi.
Kumhoji mtoto habari za tumbo lake.
Kushinda njaa ili pasiwe na cha kutapika.
Kumkimbia mtoto anayetapika.
Kumdanganya mshauri.
Kusingizia woga kutapika kusikokoma; huko ni kwa daktari, na mapema.