Kanda ya Kiptere

Kepher Otiende alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha majani chai nje ya Kericho, na hakuna kitu alichokipenda kama bendi iliyoitwa Dasti Wani. Jina hilo wapigaji walilitoa kiwandani, kwa ile chai laini kama vumbi inayobaki chini ya chekeche. Hawakupiga benga wala rumba, ingawa wote walikulia humo. Walikwaruza nyuzi za gitaa kwa tupa, wakagonga mabati, wakasogeza kinubi cha Kikipsigis karibu na maikrofoni mpaka spika zikapiga mayowe. Watu wengi walitoka ukumbini wameziba masikio. Wachache waliobaki hawakuweza kuwaacha tena.

Katika mji mdogo wa Kapsoit, karibu na kiwanda, walibaki watatu. Kepher mwenyewe, Kipngeno, karani wa kupima majani ya wakulima katika kituo kilicho karibu, na mwalimu Chelimo wa shule ya msingi. Kila Jumapili baada ya kanisa walikutana katika hoteli ya Mama Bonareri, Mkisii mmoja mnene asiyependa makelele, ambaye aliwavumilia kwa sababu walikula chapati nyingi. Kepher aliweka redio yake ya kaseti mezani, na ubishi ukaanza.

Ubishi wenyewe ulikuwa uleule. Kipngeno alishikilia kwamba Dasti Wani ya kweli ilikuwa ile ya kwanza, ya mwimbaji Jonah. Jonah alipoondolewa mwaka wa tisini na nne, wakaingia Maxine wa gitaa la besi na Seth wa ngoma, bendi ilikufa, likabaki jina. Kepher alisema hapo ndipo ilipozaliwa. Ushahidi wake ulikuwa kanda aliyoirekodi mwenyewe ukumbini Kiptere, Agosti ya tisini na tano, mchana, onyesho la mwisho la kundi hilo la pili. Alikuwa ameficha redio chini ya meza kando ya jukwaa. Upande wa kwanza ulipokwisha aliigeuza kanda, akabonyeza tena, kisha ikambidi akimbilie zamu kiwandani. Kesho yake aliifuata redio kwa mlinzi wa ukumbi. Mlinzi alimpa bila kumtazama, akasema kulikuwa na fujo kidogo ya walevi, basi. Bendi haikupiga tena. Watu walisema wamehamia Kisumu.

Kwa maneno yake, Kipngeno hakwenda Kiptere siku hiyo. Alisema ng'ombe wake alikuwa mgonjwa.

Kepher hakuwa na sababu ya kutomwamini. Mwaka wa tisini na mbili, nyumba za watu wa ziwa, Wajaluo kama Kepher, zilipochomwa, Kipngeno alimficha siku nne katika ghala la mahindi la mama yake. Mama alimpelekea mursik, maziwa yao ya mgando, na ugali chini ya kanga. Vijana walipokuja na mishale, Kipngeno alisimama mbele ya mlango wa ghala akawaambia humo mna panya tu. Wawili hao hawakuizungumza habari hiyo tena. Walizungumza muziki.

Jumapili moja ya Mei, mwaka wa tisini na sita, mvua ya mawe ilipiga paa la mabati hata wakashindwa kusikilizana. Walikunywa chai wakingoja. Mtu mmoja mrefu mwenye koti la mpira alikuwa ameingia kujikinga, akakaa kwenye meza ya pembeni, mkono wa kulia mfukoni. Aliagiza chai akainywa kwa mkono wa kushoto. Mvua ilipopungua Kepher aliweka upande wa pili wa kanda ya Kiptere, akaipeleka mbele hadi dakika kumi na moja za mwisho.

"Sikiliza hapa," alisema. "Ngoma inakatika katikati ya pigo. Katikati, bana. Nani mwingine hii Kenya angethubutu?"

"Mtu amechoka," Kipngeno alisema. "Zima hiyo. Tuweke ya Jonah."

"Haya, sasa chuma. Mara moja. Mara mbili. Halafu hiyo sauti. Mwalimu, unaisikia?"

Sauti ilikuwa ya mwanamume. Ilianza chini, ikapanda, ikavunjika, na nyuma yake gitaa likawa linalia peke yake bila mtu kuligusa.

"Mimi hiyo sehemu inanitisha," Chelimo alisema. "Lakini naipenda. Ni kama amejisahau."

"Hajajisahau," Kepher alisema. "Hiyo ni mazoezi. Mtu hawezi kulia hivyo bila mazoezi."

"Hakufanya mazoezi," alisema yule mtu wa pembeni.

Wote waligeuka. Mtu yule alikuwa ametoa mkono mfukoni na kuulaza juu ya meza. Ulikuwa umepinda chini kidogo ya kiwiko kama tawi lililovunjika likaota tena upande, na vidole vitatu vilikuwa vimekunjamana, havifunguki.

"Mimi ndiye Seth," alisema. "Hiyo sauti ni yangu."

Redio iliendelea kulia.

"Waliingia kwa mlango wa nyuma," Seth alisema. Hakuinua sauti. "Kama watu tisa. Walikuwa wanataka Jonah arudi. Maxine walimpiga na gitaa lake mwenyewe, jicho likatoka. Mimi waliniinamisha juu ya ngoma kubwa. Mmoja akalala juu ya mkono wangu usiteleze, mwingine akapiga na nondo. Hizo chuma mnahesabu ndio hizo. Mara ya tatu haisikiki, kwa sababu nilikuwa nalia."

Kisha akamtazama Kipngeno.

"Huyu ndiye alilala. Uso wake ulikuwa karibu na wangu hivi. Nimeutafuta huo uso karibu mwaka mzima, na leo sikuwa hata naufuata. Nimeingia kujikinga mvua."

Kepher alingoja Kipngeno acheke, au akasirike. Kipngeno alikuwa anatazama chai yake.

"Ng'ombe alikuwa mgonjwa," Kepher alisema.

"Omera, ndugu yangu, sikiliza," Kipngeno alisema.

"Uliniambia ng'ombe alikuwa mgonjwa."

"Nilidhani tutapasua ngoma tu, twende. Huyo wa nondo alikuwa amelewa, sikujua atafanya hivyo."

"Ulijua baada ya ile ya kwanza," Seth alisema. "Ukabaki hapo hadi ya tatu."

Kipngeno aliweka mikono yote miwili juu ya meza na kumwinamia rafiki yake. "Haikuwa mambo ya kabila, Kepher. Hiyo unajua. Wewe mwenyewe unajua nani alikuficha. Ilikuwa muziki tu. Hawa watu waliharibu kitu chetu."

Labda angesema jambo lingine lolote, Kepher angekaa kitako. Lakini alisikia maneno hayo, na pamoja nayo akaisikia sauti yake mwenyewe, Jumapili baada ya Jumapili, akiusifu ule ukelele. Alimpiga Kipngeno kwa gilasi aliyokuwa ameishika. Ilipasukia kwenye taya. Chai na damu vikamwagika juu ya shati jeupe la kanisani.

Kipngeno aliinuka, akamrukia. Meza ilipinduka. Walianguka juu ya sakafu ya saruji yenye matope, Kepher chini, na Kipngeno akampiga ngumi mbili za pua kabla hajasukumwa pembeni. Chelimo alimshika Kepher kola akimvuta nyuma, akapigwa kiwiko cha kifua, akaenda kuketi ukutani akitafuta pumzi. Kepher hata hakujua kiwiko chake kimempiga nani. Alishika stuli ya mbao ya miguu mitatu. Aliishusha juu ya bega la Kipngeno, kisha mbavuni, kisha mgongoni Kipngeno alipojikunja, na kila pigo lilitoa sauti ya gunia linaloangushwa kutoka kwenye lori. Kipngeno alijaribu kutambaa kuelekea mlangoni. Kepher alimvuta mguu akamrudisha, akaushika mkono wake wa kulia, akaunyoosha juu ya benchi.

"Seth," alisema. Damu ya pua ilikuwa imemwingia mdomoni. "Njoo ulale juu ya huu mkono."

Seth alisimama. Kwa kitambo Kepher alidhani anakuja.

"Kepher," Kipngeno alisema. "Mama yangu alikulisha."

"Najua."

Seth hakuja. Kepher aliukanyaga mkono ule kwa goti lake mwenyewe, akainua stuli kwa mikono miwili, akaishusha. Kipngeno alipiga ukelele. Akaishusha tena, na safari hii mfupa ulisikika. Alikuwa ameiinua mara ya tatu wakati Mama Bonareri alipotoka jikoni na sufuria ya chai iliyokuwa inachemka, akammwagia shingoni na mgongoni. Kepher aliiachia stuli. Alianguka kwa magoti akishika shingo, ngozi ikamng'oka mkononi.

"Katika hoteli yangu," Mama Bonareri alisema. "Siku ya Mungu."

Chelimo alijikokota hadi barabarani kutafuta gari la kumpeleka Kipngeno hospitalini. Kipngeno alilala ubavuni, mkono umekaa vibaya mbele yake, akilia taratibu kwa Kikipsigis. Kanda ilikuwa imefika mwisho, na redio ilikuwa imejizima.

Seth aliiokota sakafuni. Kifuniko kilikuwa kimepasuka.

"Upande wa kwanza bado uko?" aliuliza.

Kepher alitikisa kichwa kukubali.

"Mimi sijawahi kujisikia nikipiga. Hakuna mtu alituletea kanda."

Akaigeuza, akabonyeza, akaketi juu ya benchi lile lile akiiweka redio magotini. Ngoma ilianza polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu, kisha ikafunguka. Seth alisikiliza mdomo wazi. Mkono wa kushoto ulipiga paja, ukapotea, ukarudi mahali pake. Mama Bonareri alikuwa amepiga magoti kando ya Kipngeno, akimfunga mkono kwa kanga na mwiko wa kusongea ugali, na hakuna hata mmoja aliyemwambia Seth azime. Askari walipofika alikuwa bado anasikiliza. Aliwaambia yeye ni mpita njia, akaitoa kanda, akamtazama Kepher. Kepher akamwambia achukue. Akatoka nayo mvuani.

Mahakamani hakimu aliuliza chanzo cha ugomvi. Kipngeno, mkono ukiwa ndani ya plasta hadi begani, alijibu kwamba walibishana juu ya muziki. Watu walicheka. Hakusema lolote juu ya Kiptere. Kepher naye hakusema, kwa sababu kulisema kungekuwa kujitetea. Alifungwa miezi minane. Kiwanda kilimpa mtu mwingine kazi yake.

Alipotoka hakurudi kwao ziwani. Alikwenda kwa mama yake Kipngeno. Kikongwe huyo alikuwa ameinama shambani akichuma majani peke yake, kwa kuwa mwanawe hakuweza tena kuchuma na kikapu kilikuwa kikimlemea yeye. Alimwona Kepher akivuka ua. Hakumkaribisha na hakumfukuza. Kepher alichukua kikapu kilichokuwa kimelazwa kwenye mstari, akakivaa mgongoni juu ya kovu la chai, akaanza kuchuma mstari wa pembeni yake. Alikuwa mzito wa kazi hiyo. Badala ya kuchuma majani mawili na chipukizi, alikuwa anang'oa matano. Mama alimwendea, akamwonyesha kwa vidole bila neno, akarudi kwenye mstari wake.

Alichuma hivyo msimu mzima. Alikuwa akibeba majani hadi kituoni, na Kipngeno, aliyekuwa amejifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, aliyapima kama ya mkulima mwingine yeyote. Hawakusalimiana. Wakulima wengine walinyamaza kila Kepher alipofika kwenye foleni.

Siku moja ya Machi, mwaka wa tisini na nane, walibaki wawili tu kituoni, wakingojea lori.

"Huyo wa nondo namjua jina," Kipngeno alisema. "Ako na duka Kaplong. Nikikuambia, utaenda?"

Kepher alifikiri. Mikono yake ilikuwa imeanza kutoka jasho, na hilo lilimwogopesha.

"Usiniambie mimi."

"Sasa nimwambie nani?"

"Mwenye mkono."

"Sijui anakaa wapi."

"Basi tafuta."

Lori lilikuja, wakapakia. Lakini wiki iliyofuata hakuonekana kituoni siku tatu, na mama yake alimwambia Kepher kwamba amepanda gari la Kisumu peke yake, akiwa amevaa suti. Alirudi jioni ya siku ya tatu. Mdomo ulikuwa umevimba, meno mawili ya mbele hayakuwepo, na mama alipouliza ni nani, alisema ni Maxine, na kwamba alikuwa na haki.

Kabla mwezi haujaisha askari walimchukua mwenye duka wa Kaplong. Seth alikuja kutoa ushahidi, na Kipngeno akasimama baada yake, akaeleza yote, na mahali alipolala, na kwa muda gani. Naye alifungwa. Asubuhi alipokwenda kusomewa hukumu, mama alimpikia chai akanywa amesimama. Kisha kikongwe akavaa buti, akaenda shambani, na Kepher akamfuata na vikapu viwili.