Ushuhuda Nilioutoa Mapema

"Mama Marion, kwani huyu msichana wako hunyoa ndevu?"

Batulo aliniuliza hivyo kwenye bomba la maji, hapa Ziwani, mwaka wa tisini na sita. Ni jirani yangu, Mwislamu, muuza vitambaa, na hana tabia ya kulizunguka neno. Marion wangu alikuwa amekuja kunisalimu kutoka Kariobangi kwa mumewe, Lusweti. Alikuwa amejifunga leso mpaka masikioni, lakini kidevu kilikuwa wazi.

"Ni chunusi," nikasema.

"Chunusi gani inaacha alama ya wembe? Dada yangu Ifrah alikuwa hivyo. Siku zake zinakuja?"

Nikainamia ndoo yangu. Siku za Marion zilikuwa hazijaonekana miezi minne, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshalitangaza jambo hilo kanisani.

Alikuwa na miaka mitatu katika ndoa bila mtoto. Aliponiambia siku zimepotea, nami nikimwona mashavu yamejaa na kiuno kimenenepa, sikuuliza mara mbili. Jumatano, katika ibada ya kina mama, nikasimama. "Bwana asifiwe! Amemkumbuka binti yangu kama alivyomkumbuka Hana." Wakapiga vigelegele. Kabla ya Jumapili habari zilikuwa Kariobangi, na mama yake Lusweti, mzazi mwenzangu, akamchinjia mkamwana wake kuku.

"Mama, ungeniuliza kwanza," Marion aliniambia. Hilo tu.

Batulo akatupeleka kwa daktari wa dada yake. Wakamtoa damu, wakampitishia mashine tumboni. Hapakuwa na mtoto. Daktari, mwanamke wa makamo, akatuchorea kwenye karatasi: hapa ndipo mayai hukaa, na ya Marion hayakomai, yamebaki vijifuko vidogo vimepangana kama shanga. Homoni zimepoteza mizani, zile za kiume zimezidi. Ndizo zinaleta ndevu, ndizo zinaleta unene na kupoteza siku.

"Itapona?" nikauliza.

"Inatunzwa, mama. Apunguze soda na mandazi, atembee kwa miguu, ameze kidonge kimoja kila siku saa kumi jioni, asiruke. Siku zikishika njia, kuna dawa nyingine ya kukomaza mayai. Wengi wanazaa."

Nikavitazama vile vidonge. Nilivijua. Ni vile vile wanavyopewa wanawake ili wasizae.

"Usimwambie mtu," Marion akaniomba tukirudi. "Nitamwambia Lusweti mwenyewe nikipata nafasi."

Hakuipata. Nyumba yao ni ya chumba kimoja na mama mkwe yumo. Nami kila Jumatano kina mama walinizunguka, wakaniwekea mikono, wakaiombea mimba isiyokuwapo. Nilisema amina. Jumatano tatu nilisema amina. Nilijiambia, nikisimama nikanushe, nitakuwa nimemwaibisha Mungu. Sasa najua nilikuwa naogopa kujiaibisha mimi.

Jumamosi wakaja kwangu wote watatu: Marion, mumewe na mama mkwe wake. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni, seuze kutajiana habari za mwili. Kwa hiyo Lusweti akija, mimi hukaa nyuma ya pazia la kitanda na maneno hupitia kwa mwingine. Nikakaa huko. Kupitia tundu la pazia nilimwona kwenye stuli karibu na mlango, mikono imejaa makovu ya kukata mabati. Marion alisimama kama mwizi aliyekamatwa.

Mama Lusweti akatupa pakiti ya vidonge mezani.

"Mama Marion, nilikuwa natafuta majani chai kwenye mkebe, nikapata kaburi la mjukuu wangu! Ulisimama mbele za Mungu ukasema kuna mimba. Sasa mimba iko wapi? Binti yako ameitoa, ama wewe ni mwongo? Chagua moja."

"Mama, nimekwambia ni dawa," Marion akasema.

"Dawa ya kupata mtoto ndiyo ya kuzuia mtoto? Mimi nimezaa saba, usinifanye mjinga! Kuku wangu nilimchinjia nani, hewa?"

Nilimwona Lusweti anamtazama mkewe tumboni, kisha anatazama sakafu, na nikajua ameshaamini lile baya zaidi. Hapakuwa na wa kunibebea neno la kulikanusha. Mama yake asingelifikisha, Batulo hakuwapo. Nikafungua pazia.

Mama Lusweti akashika mdomo. Lusweti akainuka nusu, akageuza uso ukutani.

"Mwanangu, nitazame," nikamwambia. "Hapakuwa na mimba. Mwongo ni mimi. Marion ni mgonjwa wa homoni, na hivyo ndivyo vidonge vyake. Karatasi ya daktari hii hapa. Jumatano nitasimama pale pale niliposimama, niseme hivyo hivyo."

Marion akaifungua leso, akainua kidevu mwanga umpige. Lusweti aliisoma karatasi polepole, midomo ikicheza.

"Itaisha lini?" akamwuliza mkewe.

"Haiishi. Naitunza."

"Basi twende nyumbani," akasema, sauti ya chini. "Lakini hizo dawa uziache hapa. Majirani wa ploti wameshaziona. Tutaombewa."

Marion akanitazama. Miaka yote nimemfundisha kwamba maombi yanatosha.

Redio ya Batulo, ng'ambo ya ukuta, ikapiga saa kumi.

"Maombi tutaomba," nikasema. "Na dawa ameze."

Marion akachukua pakiti, akabonyeza kidonge kimoja, akakiweka ulimini. Nikamchotea maji. Alikunywa kikombe chote, mumewe akimtazama koo.

"Lusweti, unaona?" mama yake akaanza. "Unaona anavyo—"

Lusweti akaiweka karatasi mezani, akachukua kofia yake, akapita katikati yetu, akatoka peke yake, bila kumwita mkewe.