Mume wa Kichina

Asubuhi ya Jumamosi ile Salvator aliketi kitandani, kiatu kimoja mkononi, akasema mwili hautaki. Mkewe, Inès, alikuwa ameshajifunga kitambaa, tayari kwenda kufungua duka lao la simu pale Overport, Durban. Chaji na betri zilikuwa zimewaishia, na mzigo mpya ulikuwa unamngoja Salvator kwa mwuzaji wa jumla huko Pinetown. Lakini yeye akaomba wafunge duka siku hiyo moja tu, waende kuona makumbusho ya Wachina kule Glenwood. Aliyataja kila alipotoka kuwapelekea wanafunzi wa huko simu zao.

Inès akacheka.

"Wiki nzima tunauza vya Kichina, halafu twende tena kuvitazama? Wewe mwenyewe umekuwa mume wa Kichina, Salva. Unachaji usiku kucha, asubuhi betri imekwisha."

Salvator alitabasamu kidogo. Akavaa kiatu cha pili, akaenda Pinetown. Alianguka kwenye foleni ya taxi, mfuko wa bidhaa ukiwa bado begani. Hospitali walisema ni moyo.

Watu wa kanisa walilia na Inès, wakapika, wakarudi makwao. Swali la Ninahazwe, dada wa marehemu, ndilo halikurudi kwao. Kaka yangu aliondoka na maneno gani siku ile? Kila alipoulizwa, Inès alijibu kwamba waliagana vizuri. Mwaka ulipotimia akamwomba wifi yake wafuatane Glenwood. Alikuwa ameamua kusema ukweli pale pale Salvator alipotaka kufika.

Makumbusho yenyewe yalikuwa nyumba ya zamani, sakafu ya mbao inalia kila ukikanyaga. Walipita kwenye majoho ya hariri na picha za wafanyabiashara waliofika Durban na masanduku yao. Ninahazwe alitembea mikono nyuma, kama mtu aliyechelewa ibada. Katika chumba cha mwisho kulikuwa na bakuli moja tu ndani ya kioo, jeupe, lenye samaki wa buluu.

"Wameandika nini hapo?"

"Lina miaka mia tano," Inès akasoma.

"Eish. Na haina hata ufa?"

"Halina."

"Na ni ya Kichina?" Ninahazwe akacheka mpaka mlinzi akageuka. "Sasa zile za dukani kwako, wifi, nani anakutengenezeaka?"

Inès hakuweza kucheka. Mtu alimwambia amechoka, naye akamjibu kwa mzaha wa dukani, kisha akamwacha akabebe mzigo.

"Wifi," akasema, "asubuhi ile, Salva..."

Ninahazwe akamshika mkono kabla hajamaliza.

"Najua. Mliagana vizuri. Nilimwambia mama yetu kwenye simu, nikaongezea kwamba ulimwombea na safari njema. Mama hakuwa analala, Inès. Toka siku hiyo analala."

Samaki wa buluu walikuwa palepale, wakizunguka bakuli lao.

"Alitaka sana kufika hapa," Inès akasema badala ya ukweli aliokuja nao.

"Basi umemfikisha," alijibu wifi yake, akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge chake.

Duka bado liko Overport. Mteja akiuliza kama betri ni ya Kichina, Inès humjibu bila mzaha kwamba imetengenezwa China, halafu anampa.