Mkono wa Kushoto wa Mwashi

Cheka-Kidogo alistaafu upigaji picha kwa siku tisa kamili. Siku ya kumi alitangaza mezani kwamba anafungua studio mpya, kubwa kuliko ile ya zamani, isiyo na kodi wala kufuli, ambayo mteja ataingia akiwa kitandani kwake.

"Umeijenga wapi?" mkewe akauliza.

"Kwenye intaneti."

"Na choo kiko upande gani?"

Ndivyo tovuti ilivyoanza. Jina la Cheka-Kidogo alibandikwa na wateja, kwa sababu kwa miaka thelathini na minane aliwaambia maneno hayohayo kabla ya kubonyeza: cheka kidogo. Wengi walikuwa wameshacheka mpaka machozi, maana walipokuwa wakichana nywele mbele ya kioo yeye aliwapigia hadithi, na hakuna hadithi yake iliyotoka bila chumvi ya kutosha kukaushia nyama ya ng'ombe mzima.

Binti yao alimpa laptopu yake ya zamani na skana, mashine ya kunakili picha kwenda kwenye kompyuta, akamwelekeza kwa simu namna ya kuchagua muundo wa kurasa. Mengine alijifundisha mwenyewe kwa kubonyeza na kujuta. Siku moja tovuti yote iligeuka rangi ya waridi, na mpaka leo anaapa ilikuwa makusudi. Kufikia wiki ya tatu ukurasa wa mbele ulikuwa na picha arobaini, kila moja na kitufe chake cha "Nunua". Zote zilitoka kwenye negativu, vile vipande vya filamu ambavyo mtu mweupe huonekana mweusi na mweusi mweupe, vilivyokuwa vimelala miaka yote kwenye makopo ya biskuti chini ya kitanda.

Mkewe hakuziona. Presha ya macho ilishamchukulia karibu nuru yote, ikamwachia mwanga wa dirishani na kivuli cha mtu anayepita. Kwa hiyo kila asubuhi baada ya chai Cheka-Kidogo alifungua picha moja, akamsimulia.

"Mwanamke amekaa kwenye kiti, amevaa gauni la maua."

"Kisha?" mkewe angesema.

Na hiyo "kisha" ndiyo iliyomponza. Gauni likaanza kutoa harufu, nyuki wakaingia studio, mpiga picha akapiga akiwa ndani ya ndoo. Mkewe alicheka, na alichocheka asubuhi ndicho mzee alichokiandika mchana chini ya picha. Chini ya mwashi mmoja aliyekaa na mkono juu ya goti, kidole cha mwisho hakipo, aliandika hivi: "Mwashi huyu aliinua nyumba ya orofa tatu peke yake kwa siku nne. Siku ya tatu kidole kilimkatika, akakikoroga na saruji ili ukuta ushike. Mpaka leo ukiuegemea ukuta huo, unakukuna mgongo."

Ujumbe wa kwanza wa mteja uliingia Jumanne mchana. Cheka-Kidogo aliusoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio, lakini kila mstari sauti ilipungua.

"Shikamoo mzee. Mimi ni muuguzi. Mwenzangu kazini alinionyesha tovuti yako, na nilipofika kwa mwashi nikaikuza picha mpaka ikajaa skrini. Nilidhani ni baba yangu. Alifariki nikiwa darasa la pili, na mafuriko yakaondoka na kabati lililokuwa na picha zake zote. Wanangu hawajui sura ya babu yao. Ila baba alikosa kidole cha mkono wa kushoto. Najua, kwa sababu ndio mkono alionishikia kunivusha barabara. Huyu wako amekosa cha kulia, na baka la shavuni liko upande mwingine. Halafu nikasoma uliyoyaandika chini yake. Sijakasirika mzee, ila mtu anayeandika hivyo, nitajuaje lipi lake la kweli? Nilitamani sana awe yeye. Nakutakia kazi njema."

Cheka-Kidogo akafunga kompyuta taratibu, kama mtu anayefunika sufuria lenye kitu kilichoungua.

"Mjibu," mkewe akasema.

"Nimwambie nini? Nikisema mkono ni wa kulia kweli, atasema nimetia chumvi."

"Si umetia?"

"Nimetia kwenye maneno, mke wangu! Kwenye sura ya mtu sijawahi."

Vidole vya mkewe vilipapasa ukingo wa meza. Lazima isemwe hapa kwamba kibao cha studio kilikuwa na jina la mume peke yake, lakini picha hazikuwahi kutoka mkononi mwa mume. Yeye alibonyeza tu. Aliyekaa kwenye chumba cha giza na sinia za dawa, akazisafisha filamu na kutoa kila picha kwenye karatasi, alikuwa huyu mama.

"Mwashi yule aliyekuja na saruji sikioni?" akauliza. "Kidole kilikuwa cha kushoto. Picha yake niliitoa mimi."

"Cha kulia. Namkumbuka kama jana, pale kwenye kioo cha kamera."

"Kwenye kioo cha kamera," mkewe akarudia. "Ile ya kutazamia kwa juu?"

Mzee akainamia kifua chake, kana kwamba kamera bado iko pale. Kamera yake ilikuwa ya kushikwa kifuani, unainama unamtazama mteja kwenye kioo cha juu, na kioo kile kiligeuza kila kitu: mtu akisogea kushoto, wewe unamwona anakwenda kulia. Kwa miaka thelathini na minane aliutazama ulimwengu kwa upande usio wake, akauzoea.

"Na negativu unazilazaje kwenye hiyo skana?"

"Kama ulivyokuwa unaimba siku zote. Upande wa dawa chini."

"Mwanamume wewe!" Mkewe akajishika kichwa. "Dawa chini ni kwenye mashine yangu ya kutolea picha! Kule taa iko juu na karatasi iko chini. Hiyo skana yako inatazama kutokea wapi?"

Cheka-Kidogo akainua kifuniko, akachungulia.

"Kutokea chini."

"Basi umekuwa ukiwaangalia watu kutokea nyuma, kushoto kumekuwa kulia. Lete hiyo ya mwashi."

Aliileta ameishika pembeni. Mkewe akalamba mdomo wa chini, akaugusisha ncha ya filamu, akaigeuza, akagusa tena. Upande wenye dawa hunata kidogo kwenye unyevu. Wa pili huteleza. Miaka yote katika giza hakuwa na njia nyingine, na sasa pia hakuihitaji nyingine.

"Hivi," akasema. "Ilaze kama nilivyoishika. Usiigeuze hata kwa bahati mbaya."

Mashine ikanguruma. Mwashi akashuka kwenye skrini kidogo kidogo, paji la uso, baka, kola ya shati, na mwisho goti na mkono uliokaa juu yake. Wa kushoto.

"Watu arobaini," Cheka-Kidogo akasema. "Nimewageuza watu arobaini, wiki tatu nawasalimia kila asubuhi, nisishtuke!"

"Ungeshtuka vipi? Ndivyo ulivyowajua."

Akaanza kumwandikia muuguzi. "Kwa heshima na taadhima, mimi niliyewahi kupiga picha radi ikanisubiri nibadilishe filamu..."

"Futa."

"Ni utangulizi tu."

"Futa, mzee. Mtoto wa watu anamtafuta baba yake."

Akafuta. Mikono ikakaa juu ya vibonyezo bila kazi. "Mimi kitu kilichotokea tu, bila kingine, sijui kukiandika."

"Basi mimi nitasema, wewe andika. Alikuja Jumamosi. Ulinijia mlangoni ukaninong'oneza kwamba kuna mwashi, sikio limejaa saruji, na unaona haya kumwambia. Nikatoka na kitambaa chenye maji, nikampangusa. Akaniuliza, 'Na huu mkono niufiche?' Nikamwambia auache ulivyo, auweke juu ya goti. Basi akauweka."

Mzee aliandika neno kwa neno, akaeleza na kosa la skana, akaambatanisha picha na namba ya simu, bila kutaja bei. Simu ililia kabla maji ya chai hayajachemka. Mwanzoni zilisikika tu kelele za korido ya hospitali, kitanda cha magurudumu kikipita, mtu akipumua.

"Ndiye," muuguzi akasema. "Ndiye, mzee. Na hiyo saruji! Mama alikuwa anamfukuza na kitambaa kila jioni, nyumba nzima, watu wazima na akili zao!" Akacheka huku analia, akapenga. "Huyo mama aliyempangusa, yupo?"

Cheka-Kidogo akaisogeza simu upande wa pili wa meza.

"Nipo, mwanangu."

"Asante, mama. Angeuficha ule mkono, nisingemtambua maisha yangu yote."

Mkewe aligeuza uso kuelekea dirishani. "Alikuwa na adabu sana," akasema. "Aliniachia kitambaa kimekunjwa."

"Na nyumba ya siku nne, mzee?"

"Uongo mtupu," Cheka-Kidogo akakiri. "Naufuta sasa hivi."

"Usiufute! Baba angeupenda. Andika tu juu yake yale ya kweli, na chini sema kwamba huo ni uongo wako. Halafu nisafishie tatu, kila mtoto apate ya kwake."

Alasiri hiyo aliwarudisha wote arobaini upande wao. Kwenye ukurasa wa maelezo alifuta "Mpiga Picha", akaandika "Aliyebonyeza, na Aliyezitoa Picha", akamsomea mkewe, naye akasema ni refu mno, liachwe hivyohivyo. Kisha mkewe akamwambia alete makopo yaliyobaki.

Wakakaa wawili mezani. Mkewe aligusa kila filamu kwa mdomo, akaigeuza au asiigeuze, akampa. Kila alipopokea, mzee alisema asante. Kufika ya kumi na tano mkewe akamsimamisha.

"Inatosha, nimesikia."

"Ni miaka thelathini na minane, mke wangu. Niache nipunguze deni."

"Haya, sema. Ila macho kwenye skana."

"Asante," akasema, akailaza ya kumi na sita.